Kukaa kwa Amani na Kidole cha Mguu Kilichojikunja

Miongoni mwa adha ambazo haziui mtu wala hazimlazi kitandani, na ambazo kwa sababu hiyo hazifikishwi mbele ya tabibu mpaka zimekwisha kukomaa, imo hii ya vidole vya miguu kujikunja. Kidole cha pili, yaani kile kinachofuata gumba, na mara nyingine cha tatu au cha nne, huinuka kwenye kiungo chake cha katikati, ncha yake ikainamia chini, hata kikawa na umbo la nyundo. Na juu ya kiungo kile kilichoinuka, pale kinapokwaruzana na kiatu, huota sugu, na ncha inayogonga chini huota sugu yake, na mnofu wa wayo ulio nyuma ya kidole hicho huuma kila mtu apigapo hatua. Mtu wa mjini ambaye siku yake hupita kitini aweza kuistahamili adha hii kwa miaka mingi. Lakini mkazi wa Njinjo huku Kilwa, ambaye shamba lake la ufuta au la mihogo haliko mlangoni pake, na ambaye wakati wa masika, barabara ya kutoka Nangurukuru kwenda Liwale inapogeuka tope, hana budi kushuka garini akatembea, kwake yeye kidole kimoja kibovu ni upungufu wa riziki.

Kabla ya kutafuta dawa, sharti ujue kwanza kidole chako kiko katika hali gani, kwa kuwa hali ni mbili na matunzo yake si mamoja. Keti kitandani, mguu ukiwa hauna uzito juu yake, kisha ukishike kidole na kukinyoosha taratibu kwa vidole vya mkono. Kikinyooka, ijapokuwa kwa maumivu kidogo, kidole hicho kingali laini na kina matumaini. Kikikataa kabisa, kikabaki vile vile kilivyo, kimekwisha kukakamaa. Ukitaka kuhakikisha, bonyeza kwa gumba la mkono chini ya wayo, pale penye mnofu nyuma ya kidole chenyewe, ukisukuma kuelekea juu: kidole laini hushuka na kunyooka bila ya kuguswa, na kilichokakamaa hakitikisiki.

Ama nakuambia mapema, ili usije ukanidai nisichoahidi: hakuna mafuta, wala mazoezi, wala kifaa chochote kiuzwacho madukani kitakachokinyoosha kidole kilichokwisha kukakamaa. Matunzo ya nyumbani yana kazi mbili tu, nazo ni kukizuia kidole laini kisikakamae, na kukifanya kilichokakamaa kisiume. Kwa watu wengi kazi hizo mbili zatosha, wala kisu cha daktari hakihitajiki; bali wengi huupindua utaratibu wake, wakaanza kwa kukanda mafuta, wakafuatia mazoezi, na kiatu wakakikumbuka mwisho, ilhali kiatu ndicho tiba yenyewe na mengine yote ni wasaidizi wake.

Ukitaka kuelewa kwa nini nasema hivyo, tazama jinsi kidole kinavyoendeshwa. Ziko kano ndefu zitokazo juu ya kifundo cha mguu, nyingine za kukinyoosha kidole na nyingine za kukikunja, na iko misuli midogo iliyomo ndani ya mguu wenyewe, ambayo kazi yake ni kuzisawazisha zile kano ndefu na kukiweka kidole bapa juu ya ardhi. Kidole kinapobanwa ndani ya kiatu kifupi mwezi baada ya mwezi, hukaa kimejikunja. Ile misuli midogo ikadhoofika, zile kano ndefu zikashinda na kufupika, na mwisho kiungo chenyewe kikashikana katika umbo lile. Wako watu ambao maumbile yao huwaweka karibu zaidi na dhara hili: wenye kidole cha pili kirefu kuliko gumba, wenye gumba lililolalia wenzake na kutoa kigongo upande wa ndani, wenye wayo ulioinuka mno au ulio bapa kabisa, na watu wa makamo na wazee, hasa wanawake. Kadhalika yako maradhi yanayovunja mizani ya misuli bila ya kiatu kuwa na hatia yoyote, kama baridi yabisi, kisukari, kiharusi na ukoma, na juu ya hayo nitarejea, kwa maana mtu mwenye maradhi hayo hapaswi kuyafuata maagizo yangu yote.

Hatia ya kiatu haikuanza kujulikana juzi. Mwaka 1905 daktari wa Kimarekani, Phil Hoffmann, alichapisha uchunguzi alioufanya juu ya miguu ya Wafilipino na Waafrika waliopelekwa kwenye maonyesho ya St. Louis ya mwaka 1904, akaona kwamba miguu isiyopata kuvaa kiatu ilibaki na vidole vilivyotandazika na kunyooka, na kwamba kuvaa viatu kwa muda usio mrefu kulitosha kuanza kuvisonganisha. Halafu mwaka 1958, huko Hong Kong, Sim-Fook na Hodgson walilinganisha watu wavaao viatu na watu waliokwenda pekupeku maisha yao yote, wakakuta kigongo cha gumba kwa watu 33 katika kila 100 wa kundi la kwanza, na kwa watu kama 2 tu katika kila 100 wa kundi la pili. Na gumba likiisha kulala, jirani yake wa kwanza kusukumwa ni kidole cha pili. Walakini asije mtu akachukua habari hizi kuwa ni hoja ya kurudi kutembea pekupeku katika mashamba yetu, kwani miiba ipo, funza wapo, na minyoo ya safura huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mguu ukanyagao udongo wenye unyevu. Haja yetu ni kiatu kinachoulinda mguu bila ya kuudhulumu.

Basi katika nchi yetu hii ya Kilwa mdhalimu ni kiatu gani? Vitabu vya wenzetu wa Ulaya humtaja sana mchuchumio, na ni kweli kwamba kisigino kirefu huusukuma mwili wote juu ya vidole. Lakini mchuchumio huvaliwa harusini, nao hauna muda wa kutosha wa kufanya uharibifu huku kwetu. Mimi nawashuku wengine watatu. Wa kwanza ni kiatu cha mtumba kilichonunuliwa kwa sababu kilikuwa kizuri na bei yake ilikuwa ya huruma, si kwa sababu kilienea. Wa pili ni kile cha Idi, ambacho hununuliwa, kikavaliwa siku moja, kikarudishwa ndani ya boksi kisichakae, na Idi ya pili kikatolewa kwa mguu uliokwisha kukua. Watoto wengi hujifunza kukunja vidole kwa njia hiyo, na wazazi hufurahi kwamba kiatu kimedumu. Wa tatu ni ndala, na hapa najua wengi watanipinga, maana ndala haimbani mtu. Haibani, lakini kwa kuwa haina ukanda wa kisigino, mvaaji hulazimika kuing'ang'ania kwa vidole kila hatua isimtoke, na kule kung'ang'ania ndiko kukunja kwenyewe, mara elfu kadhaa kwa siku. Mitalawanda ya wazee wetu, yenye msuruaki uliosimama kati ya gumba na kidole cha pili, ilikuwa na ila hiyo hiyo. Lakini mitalawanda ilivaliwa uani na kwendea kutawadha, haikuvaliwa kwenda shambani na kurudi. Ndala nayo ingelipaswa kubaki katika mipaka hiyo.

Unapokwenda kununua kiatu, nenda jioni, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kilichokuenea asubuhi chaweza kuwa kifungo ifikapo alasiri. Kabla ya kutoka nyumbani, simama kwa miguu yote miwili juu ya karatasi ngumu, umwambie mtu akuzungushie kalamu, maana ukijichora mwenyewe kwa kuinama mguu hubadilika umbo. Kisha ikate karatasi kwa kufuata ule mstari, na kwa kuwa aghalabu mguu mmoja huwa mkubwa kuliko mwenzake, chukua ule mkubwa uwe ndio kipimo. Karatasi hiyo iingize ndani ya kila kiatu kikupendezacho. Ikiingia na kulala bapa, kiatu kinastahili kujaribiwa. Ikijikunja pembeni au mbele, mrudishie mchuuzi kiatu chake pamoja na maneno yake kwamba kitatanuka chenyewe, kwani kinachotanuka kwanza aghalabu ni sugu. Ukikijaribu, simama wima, uhakikishe kuwa mbele ya kidole kilicho kirefu kuliko vyote, nacho huenda kikawa cha pili wala si gumba, imebaki nafasi ya upana wa gumba la mkono. Tia mkono ndani upapase paa la kiatu: pawe na kina cha kutosha ili kiungo kilichoinuka kisiguse, na pasiwe na mshono unaopita juu yake. Kisigino kisizidi sentimita 5, na kikiwa nusu ya hapo ni bora. Kiatu kiwe na kamba, au ukanda, au kishikizo cha kunata cha kufungia juu ya mguu, ili kishikwe na kamba, visikishike vidole. Na soli yake ijikunje mahali vidole vinapojikunja, isijikunje katikati kama kitambaa.

Ikiwa viatu ulivyo navyo ndivyo ulivyo navyo, na fedha ya vingine haipo mpaka ufuta uuzwe, mwendee fundi viatu. Watu humtafuta fundi huyu kiatu kinapochanika tu, ilhali anaweza kutia mti ndani ya kiatu cha ngozi na kukitanua pale unapomwonyesha, akauweka usiku kucha na kuurudia mpaka ngozi isalimu amri. Chora alama kwa chaki juu ya mahali kiungo kinapogusa, asitanue pasipohitajika. Kiatu cha plastiki hakitanuki, na dawa yake ni kukikata dirisha dogo juu ya kidole, jambo ambalo halipendezi macho lakini kwa kazi ya shamba nani atakuuliza. Kwa maoni yangu kiatu bora cha mtu mwenye kidole kibovu, kwa bei ambayo mkulima aweza kuimudu, ni katambuga ya kuagiza: mpe fundi ile karatasi yako, umwambie akate tairi kwa upana wa karatasi na ziada kidogo, ukanda wa mbele aupitishe juu ya mgongo wa mguu, nyuma ya vidole, wala si juu ya viungo vilivyoinuka, atie ukanda wa kisigino, na juu ya tairi abandike sponji au ngozi laini kwa kuwa tairi tupu ni gumu kwa wayo unaouma. Mabuti ya mpira ya wakati wa mvua yanunuliwe makubwa kuliko kipimo chako, kisha yavaliwe na soksi nene na soli laini ya ndani.

Kiatu kikiisha kutengenea, ndipo mambo ya mto wa kukikinga kidole yanapofaa. Msufi upo, na sufi yake ni nyenzo ambayo wauzaji wa vifaa vya miguu wangeionea wivu, kwani ni nyepesi na laini. Pamba ya dukani nayo yafaa. Kwa kidole ambacho ncha yake hugonga chini, viringisha sufi ndani ya kitambaa safi cha pamba, unene wake kama kidole chako kidogo cha mkono na urefu wa kutosha kukaa chini ya vidole vitatu vya kati, ushone ncha zake, kisha utie kitanzi cha mpira mwembamba, kama ule wa kiunoni mwa nguo, kipite juu ya kidole na kuushika mto usitoroke. Mto huo hukaa katika ule uvungu wa vidole vilivyoinama, ukaziinua ncha kutoka ardhini. Kwa maumivu ya chini ya wayo, mto mwingine mdogo, wa unene wa nusu sentimita, ubandikwe ndani ya kiatu. Na hapa watu hukosea, kwa kuuweka chini ya mahali panapouma, ilhali wapaswa kukaa nyuma ya hapo kuelekea kisigino, ili uzito ushukie mtoni kabla ya kufika penye maumivu. Na kwa kiungo cha juu, kikate kipande cha sponji mviringo, ukitoboe katikati, kikae kikiizunguka sugu bila ya kuigandamiza.

Kwa kidole kilicho laini bado, plasta ya kitambaa yaweza kukifundisha kukaa chini. Kata utepe mwembamba, wa upana usiozidi sentimita moja na nusu, upitishe juu ya shina la kidole kilichoinuka, ncha zake mbili zishuke zipite chini ya vidole jirani, na uvute kiasi cha kukishusha kidole kiwe sawa na wenzake, wala si zaidi. Ukiisha kufunga, bonyeza ukucha wa kidole hicho uwe mweupe, kisha uachie: rangi yake irudi upesi, kabla hujahesabu mbili. Isiporudi, au kidole kikifa ganzi, fungua mara moja. Usiku plasta iondolewe ili ngozi ipumue, na asubuhi ifungwe mpya. Kidole kilichokakamaa kisifungwe hivi asilani, kwa kuwa hakitashuka, na ngozi yake itachubuka bure.

Ama sugu, hiyo ni ngozi iliyojikinga, na maadamu msuguano upo itarudi hata ukiiondoa kila juma. Iloweshe miguu katika maji ya uvuguvugu, yaliyopimwa kwa kiwiko cha mkono, kwa muda wa dakika 10 au 15, kisha usugue taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu, ukiondoa kidogo kidogo na kuacha kabla ya kufika penye wekundu. Kausha, na upake mafuta ya nazi au ya ufuta juu ya sugu na kisigino, lakini usiyapake katikati ya vidole, ambapo unyevu hualika fangasi. Wembe usitumike. Natambua kwamba wembe ni rahisi, upo, na babu zetu waliutumia. Hata hivyo jeraha dogo la wembe juu ya kiungo lina mwendo mfupi sana wa kufika mfupani. Dawa za maji za kuunguza sugu nazo zina tindikali isiyojua kutofautisha sugu na ngozi nzima, kwa hiyo mwenye kisukari au ganzi ya miguu asizikaribie.

Katika jambo hili Waislamu tuna msaada ambao hatuutumii ipasavyo. Mwenye kutawadha huosha miguu yake mara kadhaa kwa siku, tena akachanganua vidole kwa kidole kidogo cha mkono; basi katika zile nyakati angalau mmoja, hasa wa alasiri kungali na nuru, atazame anachokiosha: wekundu usioondoka, lengelenge, ufa katikati ya vidole, sugu iliyobadilika rangi. Na akiisha kuosha, akaushe katikati ya vidole kwa kitambaa kabla ya kuvaa kiatu. Kuhusu sala yenyewe, mkao wa tahiyatu wa kuusimamisha mguu wa kulia juu ya vidole vilivyokunjwa kuelekea kibla ni mzito kwa mwenye maradhi haya, na kusujudu vilevile. Mkeka mnene au mto mwembamba chini ya vidole hupunguza uchungu, na asiyeweza kabisa basi mkao ule ni suna, naye akae kadiri awezavyo, kwani sheria haikumkalifisha mgonjwa. Nimeona wazee wakikunja nyuso kila rakaa kwa jambo ambalo shehe wao angewaruhusu kwa neno moja.

Mazoezi nayaweka mwisho wa matunzo, si kwa kuyadharau, bali kwa sababu faida yake ni kwa vidole laini zaidi, na yanahitaji subira ya miezi, si ya siku. La kwanza ni la mkono: ukiwa umeketi, shika kidole, ukivute mbele kidogo, kisha ukinyooshe na kukishusha, ukae hapo kwa sekunde 20 au 30, uachie, urudie mara tatu au nne, asubuhi na jioni, baada ya kuoga ndipo kano zinapokubali zaidi. La pili, tandaza kanga kuukuu sakafuni, uikusanye kwa vidole vya mguu kuelekea kwako huku kisigino kikiwa kimetulia. La tatu wengi watalipenda: mwaga komwe za bao chini, uziokote moja moja kwa vidole vya mguu na kuzitia katika bakuli, kwa kuwa ile misuli midogo iliyodhoofika ndiyo inayofanya kazi hiyo. Ongeza na kuvitandaza vidole viachane, kwa kujitahidi mpaka vitii, jambo ambalo mwanzoni watu wengi hawaliwezi hata kidogo. La mwisho ni la shavu la mguu: simama ukiuelekea ukuta au mwembe, mguu mmoja nyuma, kisigino chake kikiwa kimekanyaga chini, goti limenyooka, uegemee mbele mpaka uhisi mvuto nyuma ya mguu, ukae kwa nusu dakika. Kano ya kisigino iliyofupika huvilazimisha vidole kufanya kazi ya kuuinua mguu isiyokuwa yao, na wakulima washindao wameinama juu ya jembe aghalabu hawajui kwamba yao imekaza.

Siku kidole kinapowaka kwa maumivu, pumzisha mguu, uuinue juu ya mto, na ukande kwa kitambaa kilicholowekwa katika maji ya mtungi, au kwa barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa ikiwa jirani anayo, kwa dakika 10 hadi 15. Parasetamoli yafaa: mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa usiku na mchana. Dawa za jamii ya ibuprofeni hupunguza na uvimbe pia, lakini mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, shinikizo la damu, au mimba, asizimeze pasipo kumwuliza mhudumu wa afya.

Sasa narejea kwa wale niliowatenga. Mwenye kisukari, na yeyote ambaye miguu yake imepoteza hisia, asiloweke miguu katika maji ya moto, asifunge plasta, asitumie tindikali, wala asiusugue mguu kwa jiwe, maana yeye hana mlinzi wa kumwambia kwamba ameumia. Yeye kazi yake ni kiatu kipana, kukung'uta kiatu kila asubuhi kutoa changarawe, kuitazama miguu kila siku au kutazamiwa na mtu wa nyumbani, na kukifikisha kituo cha afya kidonda hata kiwe kidogo kama punje ya mtama. Na kuhusu ukoma, tusifichane. Ingawa mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000, maradhi hayo hayajatoweka, na mkoa wa Lindi ni miongoni mwa mikoa ambako bado wagonjwa wapya huonekana. Ukoma hula mishipa ya fahamu, na mishipa ikiisha kuharibika vidole vyote vya mguu hujikunja kwa pamoja, mara nyingine na vya mkono. Basi ukiona vidole vinajikunja upesi, bila ya kisa cha kiatu, tena vyote, au pamoja navyo ukaona baka mwilini lililofifia rangi na lisilohisi kuguswa, usipoteze siku hata moja kwa sufi na komwe. Dawa ya ukoma ni bure, hutibu kabisa, na ikiwahiwa huokoa vidole ambavyo baadaye haviokoleki.

Vivyo hivyo usikae nyumbani ukiona kidonda juu ya kiungo kisichopona, usaha, wekundu na joto vinavyopanda mguuni, homa, au kidole kinachogeuka cheusi. Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Kinachowashinda wahudumu wake hupelekwa hospitali ya wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, na kinachozidi hapo Hospitali ya Sokoine, Lindi. Ikiwa umekwisha kubadili kiatu, ukatia mto, ukafanya mazoezi kwa miezi kadhaa kwa uaminifu, na bado kidole hakikuachi ulale wala ufanye kazi, basi kumwuliza daktari habari za upasuaji si aibu. Ni kazi inayofanywa na mabingwa wa mifupa kama wale wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na mtu aendaye kwao akiwa tayari ana kiatu kinachomfaa hupona vizuri kuliko yule atakayerudisha kidole kilichonyooshwa ndani ya kiatu kile kile kilichokipinda.

Limebaki la watoto. Mtoto mchanga mara nyingine huzaliwa na vidole vilivyopandiana au vilivyopinda kidogo, na baadhi yake hunyooka vyenyewe mtoto anapokua. Visifungwe kwa uzi wala kwa kitambaa, kwani uzi uliosahauliwa hukata damu. Mtoto wa shule achorwe mguu wake kila baada ya miezi mitatu au minne, karatasi mpya ilinganishwe na ya zamani, na kiatu kisipoacha nafasi ya upana wa gumba apewe mdogo wake, ikiwa mguu wa huyo nao umepimwa.